Bei ya Ndandalo

Ijumaa, 4 Julai 1997
Sikulala vizuri, nawaza haki. Mtu wa kijijini Ndandalo anakuja mjini kwa miguu, jua lote lake, kucheza gemu kibandani kwangu. Halafu alipe sawa na mtoto wa mwenye duka? Haiwezekani! Nimebandika karatasi mlangoni: Ndandalo na Bujonde shilingi hamsini, mjini mia, Malawi mia mbili. Jirani yangu Mzee Abasi, mtu wa pwani, anayenigawia umeme kwa waya kutoka dukani kwake, ameisoma akaniuliza kama nina homa. Wivu tu.

Jumamosi, 5 Julai
Makubwa! Kyela mjini hakuna watu tena. Wote wametoka Ndandalo. Hata Patrick kinyozi, tunayetazamana naye milango, kaja na miguu ya tope, eti ndiyo kwanza anatoka kuvuna mpunga. Tope lenyewe la pale bombani. Nimekula hasara kutwa nzima.

Jumapili, 6 Julai
Mahubiri sikuyasikia, nilikuwa kazini kichwani. Nimepata! Tope linapakwa, lugha haipakwi. Kuanzia kesho kila mteja namsalimia Kinyakyusa: ugonile? Akijibu ndaga bila kusita, wa nyumbani huyo, hamsini. Akikwama ni mgeni, mia mbili. Akili hizi nimerithi kwa mama.

Jumatatu, 7 Julai
Asubuhi, vijana wanne. Ndaga zao tamu, nikajiona niko kwa bibi. Nikawapa bei ya nyumbani na mchezo mmoja wa bure. Kulipa, wakatoa kwacha. Watu wa Karonga, Malawi! Nilisahau kuwa Wangonde wa kule wanasema ndaga kutuzidi.

Mchana kaja Mwanaheri, binti wa Mzee Abasi. Ugonile? Akajibu salama. Sheria ni sheria, nikamtoza mia mbili. Alilipa, akacheza, akaondoka. Saa kumi televisheni ikazima. Nikasema umeme wa mji umekatika. Lakini redio ya Mzee Abasi ilikuwa inaimba.

Jumanne, 8 Julai
Bila umeme itabidi nirudi Bujonde kwa kaka, aliyesema tangu mwanzo kwamba nitarudi. Nikaenda kwa Mzee Abasi na shikamoo ndefu. Hakufoka. Heri angefoka.

"Hebroni, kitovu cha mwanangu kimezikwa nyuma ya duka hili. Wewe umetoka Bujonde mwaka juzi. Mgeni nani?"

Niliona aibu kweli. Siku nafika na begi langu moja, Mwanaheri ndiye aliyenionyesha pa kuchota maji. Nimemrudishia mia mbili yake na kuomba radhi. Waya umerudi. Ila Mzee naye kabandika karatasi: umeme, mzaliwa wa mjini bure, wa Bujonde, kilo ya mchele kila wiki.

Jumatano, 9 Julai
Kilo nzima! Kumtoza mtu kwa kuangalia alikotoka! Hii ni dhuluma, diwani lazima aambiwe. Ila kwanza nimepata njia. Mwanaheri atanifundisha Kiswahili cha pwani, babake akinisikia adhani mimi ndugu. Amekubali. Nikamuuliza ada yake kiasi gani. Akasema inategemea mwanafunzi ametoka wapi.

Nimemwambia Ndandalo.