Namba Arobaini na Moja Msibani

Leo nimeaibika, na nimeaibikia msibani. Nawaandikia nyinyi wa kundi la mazoezi mapema, kabla hamjasikia kutoka kwa watu wa mtaa wa Umoja, maana wao wataongeza chumvi. Mimi nitaeleza taratibu, kama ilivyokuwa, bila kujipendelea. (Hata ningetaka kujipendelea, sioni pa kuanzia.)

Mnanijua. Kila mbio ninazoingia nafika kamba ya mwisho ikiwa imeshafunguliwa, na wasimamizi wamekwenda nyumbani na meza yao. Mara ya mwisho nilimaliza katikati ya mechi ya mpira, na kipa akaniuliza namtafuta nani. Basi nilijiapia kwamba safari hii, hata nikiwa wa mwisho, nitaikuta kamba. Sitaki kikombe. Kamba tu.

Mke wangu aliposikia hivyo alicheka mpaka akaweka sufuria chini. "Baba Wambui," akasema, "kamba tunayo hapa nyumbani, ya kuanikia nguo. Hiyo ya kumalizia mbio kule Makadara ina nini?"

Lakini alinishonea namba yangu kwenye fulana, kwa uzi mweusi, pande zote nne, isije ikapeperuka. Arobaini na moja. Kumbukeni hiyo namba, maana itanirudia.

Tulianzia Dandora. Baridi ilikuwa ile ya Julai inayoingia hadi kwenye meno, na moshi wa jalalani ulikuwa umelala juu ya barabara kama blanketi chafu. Bunduki ilipolia, wenzangu wakatoweka ndani ya ule moshi. Mimi nilianza polepole, jinsi ninavyowafundisha nyinyi wageni kila siku: anza polepole, utaongeza mbele. (Sehemu ya kwanza niliifuata vizuri sana.)

Tulipofika Kariobangi, ninasema "tulipofika" kwa mazoea tu, nilikuwa peke yangu. Manyunyu yalianza. Nyuma yangu kulikuwa na pikapu ya wasimamizi, na juu yake amesimama mwalimu mmoja wa Makadara, Mwalimu Mutiso, mwenye kipaza sauti. Kazi yake ni kumfuata mkimbiaji wa mwisho na kufungua barabara akishapita. Alikuwa mpole. Kila mara alisema, "Jikaze, arobaini na moja, wewe si wa kwanza kuwa wa mwisho." Lakini alisema kwa kipaza sauti, mtaa mzima ukasikia.

Kisha tukaingia Umoja. Waliopanga mbio walitaka wakazi waone, kwa hiyo njia inakata katikati ya nyumba, kwenye kichochoro kipana, halafu inatokea tena barabara kubwa. Waliotangulia walikipita kichochoro kikiwa kitupu. Nilipofika mimi, watu walikuwa wameshafunga turubai kutoka dirisha hili hadi dirisha lile, kama tufanyavyo mitaani mtu akifiwa. Viti vimejaa. Basi la kukodi limesimama upande wa pili. Na jeneza lilikuwa ndiyo kwanza limeletwa, limewekwa juu ya stuli mbili, katikati kabisa ya njia yangu.

Pikapu haikuweza kupita. Mwalimu Mutiso akanipungia mkono kwamba atazunguka nyuma ya nyumba anisubiri upande ule. Nikabaki mimi na msiba.

Sasa niwaeleze jambo, maana bila hili hamtaelewa. Kwetu Murang'a, hupiti penye msiba ukikimbia. Unavua kofia, unatembea, unanyamaza. Ndivyo nilivyokusudia. Nikavua kofia. Lakini miguu ikishazoea kukimbia haisimami mara moja, na pumzi yangu, wanaonijua wanajua, ikichoka hutoka na sauti. (Mke wangu huiita mlango usiotiwa mafuta.) Uso ulikuwa umekunjamana, jasho na manyunyu vikinitiririka mashavuni.

Na ile familia ilikuwa ya watu wa upande wa ziwa. Kwao, mtu aliyeumizwa na kifo haji akitembea. Huja mbio, akilia kwa sauti.

"Uuwi! Amekuja!" mama mmoja akapiga kelele. "Mtu wa kazini amekuja!"

Wanawake wakaangua kilio. Watu wawili wakanidaka, mmoja kila bega, wakanikalisha kiti cha mbele. Mjane akainuka akanishika mikono yote miwili. Wanamwita Mama Akinyi.

"Nilijua," akasema. "Niliwaambia watakuja tu. Umetoka zamu ukakimbia hivyo hivyo, hata hukubadilisha nguo!"

Marehemu, Baba Akinyi, alikuwa mwokaji katika kiwanda cha mkate kule eneo la viwanda, kile kile tunachonunua mkate wake nyumbani. Watu wa tanuri hufanya kazi na fulana na kaptula kwa sababu ya joto, na kila mmoja ana namba yake kifuani. Mimi sikulijua hilo. Nilielezwa nikiwa nimeshakaa.

Nikafungua mdomo nieleze. Mimi ni mtu wa kueleza, naweza kumweleza mtu jinsi ya kufunga kamba za viatu mpaka akalala. Leo ikatoka ile sauti ya mlango tu. Wakazidi kulia.

Mama mzee aliyeketi kando yangu akavua leso yake mabegani akanizungushia kiunoni. Ya manjano, yenye maua mekundu makubwa kama sahani. "Funga hii, ndugu yangu," akaninong'oneza. "Mbele ya jeneza mapaja hayafai." Huku akifunga fundo, akaniambia mengine. Kwamba wazee wa upande wa marehemu wamekuja kutoka nyumbani kumchukua mtu wao, na mkubwa wao, Mzee Okoth, kaka wa marehemu, tangu asubuhi anauliza jambo moja: mtu amefanya kazi Nairobi mpaka nywele zikawa nyeupe, na hakuna hata mmoja wa kazini aliyekuja kumuaga? Alikuwa mtu wa namna gani? Na huyu mke alikaa naye vipi hata hakuwa na rafiki?

"Ungechelewa kidogo tu," mama akasema, "mjane angeondoka hapa na aibu."

Pumzi ilianza kurudi. Nikajiandaa kusema ukweli. Ndipo mchungaji akainua mkono. "Kabla hatujapakia, mwenzake wa kazini atasema machache."

Nikasimama. Na hapa nisikilizeni vizuri, maana najua mtasema, Njoroge, si ungesema tu? Nilikuwa nakwenda kusema. Lakini nilimtazama Mama Akinyi. Alikuwa amenyoosha kitambaa chake kichwani, amekaa wima, anamwangalia Mzee Okoth usoni, nadhani kwa mara ya kwanza siku hiyo. Nikaikumbuka kamba ya Makadara. Nikajiuliza kama bado ipo. Kisha nikaanza kusema, na niliazimia nisiseme uongo.

"Naitwa Njoroge," nikasema. "Sikumjua Baba Akinyi kama nilivyopaswa kumjua." (Kweli tupu.) "Lakini mkate wake nimeula. Kila asubuhi. Watoto wangu wamekua kwa mkate ule. Mtoto akiugua hakubali kitu kingine, anataka mkate na chai. Na katika miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza ni nani aliyekuwa amesimama mbele ya moto sisi tukiwa tumelala. Sikumwambia asante hata mara moja. Ndiyo maana leo nimekuja mbio."

(Hapo mwisho niliteleza. Najua.)

Mzee Okoth alikuwa ameinamisha kichwa, fimbo yake katikati ya magoti. Mama Akinyi alikuwa analia bila sauti. Nikafikiri, sasa naweza kukaa chini, wataondoka, nami nitaondoka, na hakuna atakayejua.

"NAMBA AROBAINI NA MOJA!"

Sauti ilitoka nyuma ya basi.

"NJOROGE, NAMBA AROBAINI NA MOJA! UMEPOTELEA WAPI? WENZAKO WOTE WAMESHAFIKA! KAMA UMECHOKA SEMA TUKUBEBE!"

Macho yote yakashuka kifuani pangu. Wakaisoma ile namba. Polepole, kama watu wanaosoma tangazo la kufukuzwa nyumba. Mke wangu alikuwa ameishona pande zote nne. Singeweza hata kujifanya imeniangukia njiani.

Mwalimu Mutiso akainama akaingia chini ya turubai, kipaza sauti bado mdomoni. "AH! KUMBE UKO HAPA! UNAKUNYWA CHAI?" Kisha akaliona jeneza. "HAKI YA MUNGU. POLENI SANA." Hata hiyo pole ilisikika hadi Donholm.

Mzee Okoth akainuka. "Wewe," akaniambia. "Ulikuwa unafanya kazi na ndugu yangu?"

"Hapana, mzee. Mimi ni karani wa stoo. Niko kwenye mbio."

"Mbio gani?"

"Za kutoka Dandora mpaka Makadara."

"Unakimbizwa na nani?"

"Sikimbizwi, mzee."

"Kuna mtu unamkimbilia?"

"Hapana. Nakimbia tu."

Akanitazama kuanzia kwenye raba zangu, akapanda hadi kwenye leso, akafika kichwani penye mvi. "Mtu mzima hivi?"

Mtu mmoja nyuma akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Nikatamani lami ya Umoja ipasuke. Nikamgeukia Mama Akinyi, nikamwomba msamaha. Nilimweleza kwamba nilitaka kusema tangu mwanzo, pumzi ikakataa, halafu moyo nao ukakataa.

Alinitazama usoni. Kisha akauliza, "Mkate uliula kweli?"

"Kweli, mama. Hata leo asubuhi."

"Na hayo ya watoto?"

"Kweli."

Akajifuta macho kwa kiganja. "Basi huna uongo mwingi. Wenyewe waliosimama naye pale kwenye moto hawakuja." Akamgeukia Mzee Okoth. "Amekuja huyu." Kisha akaniambia, "Nenda ukamalize mbio zako."

Nikaondoka. Sikujua nitazame wapi, nikatazama raba zangu. Nilitokea barabara kubwa na kuanza tena, miguu imeganda, mgongo umeshika baridi. Nilikuwa nimeshapita Donholm na kuingia Jogoo Road niliposikia injini nzito nyuma yangu. Lile basi. Jeneza juu ya paa limefungwa kwa kamba, shada limefunikwa kwa nailoni. Nikajivuta pembeni lipite. Halikupita. Nikapunga mkono, piteni, piteni. Halikupita.

Mwalimu Mutiso, kutoka kwenye pikapu yake ambayo sasa ilikuwa mbele yangu, akaniambia kwa mdomo mtupu, amejifunza: "Mama amemkataza dereva. Amesema atangulie yule aliyekula mkate."

Hivyo ndivyo nilivyoikimbia Jogoo Road leo. Mbele pikapu yenye taa zilizowaka. Katikati mimi. Nyuma yangu jeneza. Ndani ya basi wanawake walikuwa wanaimba wimbo wa kuaga, polepole sana, na miguu yangu, naona haya kusema, ikaanza kuufuata ule wimbo. Sijawahi kukimbia polepole kiasi hicho, na mnajua ninakotoka. Wanaume walivua kofia. Mama mboga waliweka vikapu chini wakasimama. Askari wa barabarani alisimamisha magari akanipigia saluti, na mimi, sijui kwa nini, nikaitikia.

Nilipoingia uwanja wa Makadara walikuwa wanaifungua kamba. Upande mmoja ulikuwa umeshaanguka. Kisha yule aliyeshika upande wa pili akaliona basi likipunguza mwendo barabarani. Akaganda. Mwenzake akaokota ule upande ulioanguka akaushika kwa heshima, kama mtu aliyeshika bendera. Kofia zikavuliwa. Mwenye saa akaishusha.

Nikaikata kamba. Hakuna aliyepiga makofi. Hata mtu mmoja. Nikageuka nikaona mkono wa Mama Akinyi dirishani, umeinuliwa, kisha basi likaongeza mwendo kuelekea mjini, na mbele yao safari ndefu ya mpaka ziwani. Nikabaki nimesimama kwenye manyunyu. Mama mmoja asiyenijua akaja akanishika mkono. "Pole kwa msiba," akasema. Nikamjibu asante.

Nilikuwa nimeanza kutembea kurudi nyumbani ndipo nikagundua kwamba ile leso bado iko kiunoni.

"Kamba umeikuta?" mke wangu akauliza mlangoni.

"Nimeikuta."

"Na hiyo leso ya nani?"

Nikamweleza kutoka mwanzo, taratibu. Nilitarajia acheke, au anifungie nje. Hakufanya lolote. Aliutazama ule mkate uliobaki mezani, akakata vipande viwili, akanipa kimoja, tukala bila chai.

Leso nimeifua mwenyewe. Iko kwenye kamba ya nyumbani, inangoja yule mama arudi kutoka kwenye mazishi nimpelekee. Nyinyi wageni msikate tamaa kwa ajili yangu. Kesho kutwa tufanye mazoezi kama kawaida. Ila Baba Akinyi wanamzika Jumatatu. Naomba mtu asinicheke kabla ya Jumanne.