Namna Nilivyokalisha Programu za Georgette

Jumatatu, tarehe 6 Novemba

Georgette anaenda Uvira kwa bwana yake, atakawia huko. Nani atabaki na ufunguo wa bureau? Swali la bure. Mimi ni noko yake, ndugu ya mama yake wa tumbo moja. Lakini Néhémie, shemeji yake, mwalimu wa Fizi-Centre, naye anautaka. Amesoma, inasemekana. Mimi niliacha masomo mapema, maana walimu walikuwa wameishiwa vya kunifundisha.

Bureau iko hapa Baraka, karibu na soko: photocopie, kuchaji simu, na zaidi ya yote kutia programu ndani ya simu za batu. Internet inasumbua, basi programu zote ziko tayari ndani ya ordinateur, kompyuta ya bureau. Shida ni kwamba zimerundikwa kama samaki ndagala kikapuni. Mutu anaomba nyimbo za kanisa, Georgette anatafuta mpaka chai inapoa.

Leo ametamka: atakayezipanga vizuri, hata mugeni aone anayoitaka bila kuuliza, ndiye atabaki na ufunguo. Ordinateur ni mbili, kila mutu yake. Jumamosi atatazama.

Nimecheka kimoyomoyo. Nani protocole wa harusi zote, kutoka Lweba mpaka Lulimba? Kule Lulimba nilikalisha wageni elfu moja kwa viti mia mbili, na viti vikabaki!

Jumanne, tarehe 7 Novemba

Nimeanza. Programu ni wageni tu. Kubwa ndio wazee: meza ya mbele. Ndogo ni batoto: mukeka. Ordinateur yenyewe inaonyesha ukubwa wa kila moja, hakuna ubishi. Kubwa kuliko zote ni muchezo wa mpira. Haya, kiti cha mheshimiwa! Biblia, ajabu, ni kadogo. Imeenda mukeka. Nimeumia, lakini protocole haina upendeleo.

Ile programu ya kufukuza virusi ni mulinzi. Mulinzi haketi na wageni. Nimemutoa inje, kwenye clé, kale ka-flash ka kuchomeka, iko mufukoni mwangu.

Nimechungulia kwa Néhémie. Aibu tupu. Amefanya masanduku manne: Kusoma, Kuongea, Kusikiliza, Kazi. Ndani ya Kusoma kuna visanduku vya kanisa, shule na kamusi. Basi! Nimemuuliza wazee wanakaa wapi. Akajibu: Noko, programu haina ndevu, mi nauliza tu inafanya nini. Ualimu umemuharibu.

Alhamisi, tarehe 9 Novemba

Jambo zito. Programu zingine hazikuja peke yao. Ile ya nyimbo za kanisa, kwa mfano: iko programu yenyewe, halafu uko mufuko wa nyimbo unaoifuata nyuma. Nimetambua palepale. Bwana arusi na bibi arusi! Na nani hajui kwamba mahari ikiwa haijaisha, pande mbili hazikai hema moja? Nimezitenganisha zote. Programu kuume, mifuko kushoto. Katikati nimeacha dossier tupu, folda isiyo na kitu, njia ya bamama wa chakula.

Georgette ameuliza kwa nini iko dossier ndani ya dossier ndani ya dossier. Nikamueleza kwamba mutu hafiki kwa mukubwa bila kupita kwa batu ba mulango. Akanitazama sana. Halafu akaenda kununua mukate. Heshima inawanyamazisha batu.

Ijumaa, tarehe 10 Novemba

Nimejihakikishia ushindi. Mama Félicité, kiongozi wa korali ya Lweba, anakuja kesho kutafuta nyimbo. Jumapili korali yake inaimba mbele ya wageni. Nimemuomba akae kwanza kwa ordinateur yangu na asifu kwa sauti. Kwa malipo, nitakuwa protocole wa harusi ya binti yake. Akasema binti yake ana miaka sita. Nikasema mi mutu wa kupanga mapema.

Jumamosi, tarehe 11 Novemba

Bahati mbaya.

Mama Félicité alisifu kabla ya kukaa. Akakaa. Akafungua Wazee, akafungua Wazee wa Mbele, akaingia, akatoka, akakuta dossier tupu, akauliza kama ndiyo kaburi. Nilitaka kusaidia, Georgette akanikataza. Mwisho akaipata programu, tukaitia katika simu yake. Akaifungua. Likatokea jina la kitabu tu, hakuna hata wimbo mumoja! Akauliza kwa nguvu, baclient wote wakisikia: Papa Wilfried, kesho tukaimbe nini, jina la kitabu?

Nikamueleza habari ya mahari. Batu bakacheka. Mutu mumoja akauliza Biblia iko wapi, nikaonyesha mukeka. Hapo hakucheka mutu.

Akahamia kwa Néhémie. Kusoma, kanisa, nyimbo. Programu na mufuko wake vimelala pamoja bila haya. Mama Félicité akaanza kuimba hapohapo, na muchuuzi wa sabuni akaitikia.

Néhémie amepewa ufunguo. Halafu Georgette akaniuliza, polepole, kwa nini ordinateur yangu inafungua picha za batu basiojulikana. Nikatoa mulinzi mufukoni. Hakusema asante.

Jumatatu, tarehe 13 Novemba

Georgette aliondoka jana. Sina kinyongo. Nimemuachia hata zawadi: simu yake ilipokuwa inachajiwa, nilipanga majina yote. Yalikuwa yamelala kwa A, B, C, kana kwamba mutu anaheshimiwa kwa herufi! Nimeondoa majina, nimeandika vyeo. Pasteur Éliezer, mchungaji wetu: Mheshimiwa wa Kwanza. Mimi: wa Pili. Bwana yake: Mukwe, chini ya banoko wote, mahali pake.

Leo pasteur amenipigia. Sauti baridi. Anasema jana jioni Georgette alimupigia kutoka Uvira, akamuita chéri, kama mutu anavyoita bwana yake, akamuambia aje haraka kumupokea parking ya mabasi na asisahau kwamba amemukumbuka sana. Mama pasteur, mke wake, alikuwa karibu, simu ilikuwa kwa sauti kubwa.

Nimemutuliza. Nimemuambia aone alivyopandishwa: mutu wa kwanza kabisa! Akakata. Furaha, labda.

Sasa niko mulangoni. Naona mama pasteur anakuja mbio kutoka kanisani, simu mukononi. Bila shaka anataka nimupangie na yake.