Kumbukumbu ya Kidonge cha Karani, na Jinsi Fundi Alivyouzuia Mkono Wake

Sogeeni, enyi mlioketi na mliosimama! Mwenye sufuria motoni aiepue, mwenye safari aiahirishe, kwani leo nitasimulia jambo ambalo waandishi wa tarehe za wafalme wamelipita bila kugeuza shingo, ama kwa kutojua, ama kwa wivu. Sisimulii kuanguka kwa ngome wala kukimbia kwa majeshi. Nasimulia kidonge kimoja cheupe, kidogo kuliko kifungo cha shati, na namna kilivyoingia katika tumbo la mbwa mmoja mzee. Mkiona ni jambo jepesi, basi hamjawahi kumnywesha mbwa dawa.

Na msiniulize nimeyapata wapi. Nilikuwapo, nimeketi kwenye benchi la wateja, wiki ya tatu nikingoja suruali yangu.

Shujaa wetu ni Fundi, mshonaji wa mtaa, simba wa uzi na sindano, mwenye futi shingoni na chaki sikioni, mkweli katika kila jambo isipokuwa siku ya kuchukua nguo. Na mwenzake ni Karani, mbwa wa rangi ya majivu, aliyepewa jina hilo kwa sababu tangu ujana wake alilala chini ya cherehani, kidevu juu ya mguu wa kushoto wa Fundi, ule usiokanyaga pedali, akimkagua kila aingiaye kuanzia viatu hadi kofia. Miaka kumi na mitatu alishika kazi hiyo bila likizo.

Ila kati ya ua na chumba cha kushonea pana kidato kimoja cha saruji, kimo chake kiganja cha mtu mzima. Kidato hicho, ambacho Karani alikuwa akikiruka bila kukitazama, ikafika siku kikawa mlima. Alikuwa akifika mbele yake, anainua mguu, anautua, kisha anajilaza hapo hapo uani na kumtazama Fundi kwa mbali. Nyonga zilikuwa zimemkamata. Fundi naye akawa anashona bila kidevu juu ya mguu wake, na mishono ikaanza kwenda upande. Msidhani natania. Nilimwona akifuta macho kwa kipande cha kitambaa, na kitambaa chenyewe kilikuwa cha suruali yangu.

Basi asubuhi moja Fundi akasimama katikati ya chumba, akiwa ameshika pakiti ya vidonge vya goti lake, akahutubia kama mbele ya baraza kuu.

“Mke wangu! Mimi na Karani tumezeeka pamoja. Goti langu linauma, nyonga yake inauma. Kidonge hiki kimenituliza mimi. Nani atakayenizuia nisigawane na mwenzangu?”

“Mimi,” akasema mkewe, huku akiendelea kuchambua mchele.

“Nusu tu, mama.”

“Hata robo. Hivyo umeandikiwa wewe. Yule ana miguu minne na tumbo lake mwenyewe. Mpeleke kwa daktari wa mifugo. Na hiyo pakiti ilete hapa.”

Akanyoosha mkono, na simba wa uzi na sindano akasalimu amri. Hivyo ndivyo vita vya kwanza vilivyokwisha, bila damu kumwagika, na Karani hakujua kamwe alivyokuwa amechungulia hatari.

Yaliyotokea kwa daktari sikuyaona, lakini Fundi amemsimulia kila mteja, wengine mara mbili. Alikwenda akiwa amejiandaa kama mtu wa fani yake. Alimtolea daktari, mwanamke kijana, karatasi iliyokunjwa vizuri, naye akaisoma hadi mwisho kwa heshima: kifua inchi ishirini na sita, shingo kumi na nne, mgongo hadi shina la mkia ishirini na nane.

“Mzee wangu,” akasema daktari, “ningekuwa namshonea koti, lingemkaa vizuri sana. Lakini dawa tunapima kwa kilo.”

“Binti yangu, jicho hili limepima watu miaka arobaini, wala sijawahi kurudishiwa nguo.” Hapo, alipokuwa akinisimulia, nilikohoa kidogo. “Nalo linasema kilo ishirini na tano.”

Wakampandisha Karani kwenye mizani. Kilo kumi na nane na nusu.

Manyoya yalikuwa yamemficha yule mbwa, na kumpenda kukamficha zaidi, hata jicho la miaka arobaini likawa linampima Karani wa zamani. Daktari akamwekea mkono begani. “Ndiyo maana hatukisii, mzee. Ungempa dawa ya mbwa mwingine.”

Akamkandakanda nyonga, ya kushoto ndiyo mbaya zaidi, akachukua damu kupima figo na ini, na majibu yalipotoka salama ndipo akatoa vidonge pamoja na amri zake. Fundi alizishika kwa moyo, akazitangaza mtaani kama sheria mpya ya nchi: “Kimoja kwa siku, baada ya kula. Usiongeze ukiona bado anachechemea. Usichanganye na dawa nyingine ya maumivu, na hizo za watu zinaweza kumtoboa tumbo na kumuua figo. Akitapika, akigoma kula, au choo kikiwa cheusi, simamisha dawa unipigie simu. Na kama hujui amemeza au hajameza, usirudie. Ngoja kesho.”

Sasa vuteni pumzi, kwani tumefika uwanjani.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Karani alikuwa amekwisha kula uji wake. Fundi, mwenye vidole vinavyotunga uzi bila miwani, akakifukia kidonge ndani ya kipande cha ini, akaketi kwenye kidato na suruali yangu mapajani, maana alikuwa akiikunja pindo, akasema kwa sauti ya kutetemesha mabati: “Ewe Karani, mlinzi wa cherehani, pokea!”

Karani akapokea. Akatafuna. Akameza ini lote, kisha, kwa utulivu wa mtu anayetema mbegu ya chungwa, akaweka kidonge juu ya kiatu cha Fundi.

Mara ya pili ini lilikuwa kubwa zaidi na hotuba ndefu zaidi. Kidonge kikarudi juu ya kiatu kile kile. Mara ya tatu Fundi akajikaza, akafinyanga, akatoa. Karani akatafuna, akatikisa kichwa, akapiga chafya. Fundi akakagua kiatu. Hakuna. Akakagua sakafu, akakagua chini ya mkia. Hakuna!

“Ameshinda nani?” akanguruma.

“Umeona akimeza?” akauliza mkewe kutoka dirishani.

Hakuwa ameona. Nami niliyekula kiapo cha ukweli nasema: mimi pia sikuona, nilikuwa nikitazama suruali yangu ikidondokewa mate.

Hapo ndipo vilipoanza vita vikubwa, vile ambavyo mtu hupigana akiwa amekaa kimya. Karani alijaribu kusimama, akatoa mguno mdogo, akarudi chini. Fundi akachomoa kidonge kingine kutoka kwenye pakiti. Mkono ukanyooka, ukarudi, ukanyooka tena.

“Kama hakumeza, ataumia siku nzima,” akasema, safari hii bila ya baraza wala hotuba.

“Na kama alimeza?” akauliza mkewe kwa upole.

Fundi akamtazama mbwa wake kwa muda mrefu. Kisha, enyi wasikilizaji, mtu huyu ambaye hajawahi kukubali kwamba shati limembana mteja, akakirudisha kidonge kwenye pakiti, akampa mkewe, akasema, “Kesho.” Nimewaona wanaume wakibeba magunia mawili kwa mpigo, lakini sijaona mkono uliobeba kitu kizito kama ule uliorudi mtupu.

Akaichukua suruali yangu ili angalau afanye kazi. Akapitisha kidole gumba ndani ya pindo la mguu wa kulia, na kidole kikakwama. Akakunjua. Ndani, kimeloa, kizima, hakina hata ufa, kilikuwa kimejilaza kidonge!

Kelele aliyopiga ilimtoa kinyozi wa jirani na wembe mkononi.

“Nipishe sasa,” akasema mkewe, akashuka uani na vipande vinne vya ini kwenye sahani. “Hivi ndivyo nilivyowalea wanao, wewe ukihutubia.” Kipande cha kwanza, kitupu. Cha pili, kitupu, na Karani akaanza kuamini dunia. Cha tatu chenye kidonge, na kabla hajakitafuna, cha nne tayari kilikuwa puani. Karani akameza cha tatu ili asikikose cha nne. Mama akamfungua kinywa, akatazama chini ya ulimi. Safi. Fundi akachomoa chaki sikioni, akachora mstari mmoja ukutani, na tangu hapo hakuna anayetoa kidonge bila kuangalia ukuta.

Daktari alikuwa ameonya kwamba dawa haimrudishi mtu ujanani. Mama akatandika magunia juu ya sakafu inayoteleza, Fundi akatengeneza daraja la ubao la kupandia kidato, nalo Karani akalidharau. Siku ya mstari wa tisa, mbele ya mashahidi watatu, mimi na kinyozi na mteja mmoja wa shati la mikono mirefu, Karani alikiendea kidato. Akainua mguu. Akautua. Akauinua tena, akasukuma, na nyuma ikafuata. Hakuna aliyepumua. Akapita mbele yangu, akanikagua viatu, akaingia chini ya cherehani.

Na kwa kuwa nyonga ya kushoto bado haipendi sakafu, alilalia ubavu wa pili, akaweka kidevu juu ya mguu wa kulia wa Fundi, ule unaokanyaga.

Cherehani ikanyamaza.

“Fundi,” nikasema baada ya muda, “suruali yangu imebaki mshono mmoja tu.”

“Shh,” akasema Fundi, machozi yakimtiririka waziwazi. “Amelala.”

Basi iandikwe, na watakaokuja wasome, kwamba siku ile shujaa hakuusogeza mguu wake hadi adhuhuri, na kwamba mimi nilirudi nyumbani bila suruali, wala sikudai.