Madaftari Mawili, Tumbo Moja

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Nimetoka kliniki. Wiki ya saba tangu nitolewe mfuko wa nyongo kupitia vitundu vinne, na bado ubavu wa kulia unanichoma kana kwamba mtu kasahau mkasi humo ndani. Nikila, chakula hakikai. Kinapita tu, kama mgeni asiyekaribishwa kiti.

Daktari ni binti mdogo, miwani kubwa kuliko uso. Kanipa daftari lenye safu nne: saa, chakula, maumivu, choo. Nijaze siku kumi, nirudi nalo. Nikamwambia mimi niliishia darasa la nne. Akasema darasa la nne linatosha kuandika "maharage". Hana adabu. Lakini hakukosea.

Maumivu yakiendelea, anasema, nitapimwa kama kuna kijiwe kimebaki njiani. Foleni ya kipimo hicho ni miezi mitatu. Barua ya kurudi kazini ni baada ya hapo. Miezi mitatu! Mwalimu Mkuu kanipa mwisho tarehe 20. Bila barua, upawa mkubwa wa jiko la shule anapewa msaidizi wangu, moja kwa moja. Miaka kumi na tisa nimeushika upawa ule. Yule msichana hajui hata kuchambua maharage. Anayatazama moja moja kama anasoma barua ya mchumba.

Basi, madaftari mawili. La daktari litakuwa na tumbo zuri. Hili ni la kweli, maana mwongo asiye na kumbukumbu hushikwa mapema.

Kweli ya leo: viazi vya kukaanga, sahani nzima, mkazamwana wangu akiwa sokoni. Maumivu: makubwa. Choo: mara nne.

Daftari la daktari: boga la kuchemsha. Maumivu: hakuna.

Jumanne, tarehe 7 Mei

Tatizo. Tumbo zuri linaandikwaje? Nimesahau lilivyo. Nimejaza "hakuna, hakuna, hakuna" mpaka ukurasa unafanana na daftari la mlinzi aliyelala zamu.

Nahitaji tumbo zima la kunakili. Katika nyumba hii lipo moja, na bahati mbaya ni la mama yake mkazamwana. Alikuja kuniuguza. Siku tatu, alisema, akashusha masanduku mawili. Yeye naye alitolewa mfuko wa nyongo mwaka jana, hospitali hiyo hiyo. Ukimwambia habari za asubuhi, atakujibu kwamba alipona mwezi mmoja tu. Nimembatiza Mwezi Mmoja.

Nimemeza kiburi. Kilikwaruza koo. Nikamwomba anieleze, kwa faida yangu, siku yake inavyokwenda. Akaketi kwenye kiti changu, akajipepea na bahasha ya vidonge vyangu, akaanza. Saa moja chai isiyo na maziwa. Saa mbili kamili choo, mara moja, "kama saa ya ukutani, mkwe wangu." Mchana anakula chochote, hata mafuta, na ubavu kimya kama kaburi. Nikaandika kila neno.

Mkazamwana kapita, akashika kifua, akasema Mungu mkubwa, mama zangu wamepatana. Nikaendelea kuandika. Mtu akiwa kazini haongeleshwi.

Alhamisi, tarehe 9 Mei

Nimekwenda shuleni kusalimia. Yaani kupeleleza.

Msaidizi kavaa aproni yangu. Kamba kaizungusha mara mbili kiunoni, kusudi nione mimi mnene. Kanipa shikamoo, kanipa kigoda. Nikakataa kigoda, nikataka upawa. Maharage yenye kitunguu kilichokaangwa, mafuta yanang'aa juu. Nikaonja. Nikaonja tena nipate uhakika. Ubaya wenyewe ni kwamba hayakuwa mabaya. Nikamwambia chumvi imezidi. Akasema labda ni dawa, bibi, dawa huharibu ulimi. Mdomo wake hauna mlango.

Sijafika getini, tumbo likaita. Choo cha walimu kimefungwa. Ufunguo anao Mwalimu Mkuu. Mwalimu Mkuu yuko kwenye kikao na wazazi. Nimeingia kikaoni. Nikanyoosha mkono. Akauliza kuna nini, mama. Nikasema naukagua ufunguo.

Nimekaa humo dakika ishirini. Nilipotoka, wazazi wote walikuwa dirishani. Nikarudisha ufunguo, mgongo wima, nikamwambia kitasa kinataka mafuta.

Daftari la daktari: matembezi mafupi, hewa safi.

Jumapili, tarehe 12 Mei

Makubwa!

Mkazamwana kakaanga mayai mchana. Mimi nilipewa la kuchemsha, nikala na mawili ya kukaanga yaliyobaki kwenye kikaango, yasije yakatupwa. Baada ya robo saa nikainuka. Mwezi Mmoja naye kainuka. Tumefika mlango wa choo pamoja, bega kwa bega. Nyumba ina choo kimoja. Akasema anakwenda kunawa mikono tu. Nikasema hata mimi. Beseni la kunawia liko jikoni na sote tumelipita tukikimbia.

Nilishinda kwa kiwiko. Nilipotoka nilimkuta kasimama kwa mguu mmoja, macho yamemtoka. Kaingia, kafungulia bomba mpaka mwisho ili tusisikie. Tumesikia.

Nikaenda kumtandikia kitanda, kwa wema wangu tu. Chini ya mto: karatasi za chooni na pakiti tatu za vidonge vya kuzuia kuhara, mbili zimeisha. Mwezi mmoja! Mwaka mzima huyu anahara!

Alipotoka nikamwambia mficha maradhi kilio humfichua. Nikamwambia mtu mzima na mvi zake anadanganya habari ya tumbo, aibu gani hii. Akaniacha nimalize. Kisha akauliza, taratibu, lile daftari langu ninalojaza nikitamka kwa sauti, boga kila siku, mbona boga ndani ya nyumba hii hajaliona? Baadaye, akikunja shuka, akauliza kwa sauti ndogo kama na mimi ubavu hunichoma nikiinama.

Nikasema sijui anaongelea nini.

Kinachoniudhi si yeye kuumwa. Ni kwamba siku zote hizi nimenakili uongo wa mtu mwingine. Si bora ningetunga wa kwangu?

Alhamisi, tarehe 16 Mei

Kliniki. Daktari kasoma daftari ukurasa kwa ukurasa. Kavua miwani. Kasema tangu aanze kazi hajaona mgonjwa aliyetulia namna hii. Hata watu wenye mifuko yao ya nyongo, kasema, hawana tumbo kama langu. Kaomba awasomee wagonjwa wengine. Nikamruhusu.

Kisha kanibonyeza chini ya mbavu. Ukutani pana bango la kunawa mikono. Nililisoma lote, hatua ya kwanza mpaka jina la kiwanda kilicholichapa. Akauliza mbona natokwa jasho. Nikasema chumba kina joto. Akasema feni iko juu yangu. Nikasema ndiyo maana, inanipepea joto.

Barua nimepata. Imegongwa muhuri. Nilikuwa nishafika kwenye kuaga, akavuta mtoto wa meza, akatoa boksi. Dawa ya unga, vifuko sitini. Akacheka, akasema alikuwa ameniwekea mimi. Ati nyongo ikikosa mfuko wa kukaa hutiririka ovyo tumboni, ndiyo maana wengine huendesha kila wakila. Unga huu huikamata. Siku ya pili, ya tatu, mtu anakaa mezani kama watu. Wapo waliorudi kumshukuru wakilia.

"Lakini wewe, bibi yangu, wala huihitaji."

Karudisha boksi. Kafunga kwa ufunguo.

Nikamwambia nina rafiki. Akasema rafiki aje mwenyewe, na daftari lake.

Jumatatu, tarehe 20 Mei

Kazini. Mwalimu Mkuu kaibandika barua yangu ukutani, karibu na ratiba ya chakula. Msaidizi kanirudishia aproni imefuliwa, imepigwa pasi. Sikusema asante, angedhani ameshinda.

Watoto mia tatu na arobaini. Nimeonja sufuria ya kwanza. Nikakaa juu ya gunia la mchele. Nimeonja ya pili. Nikakaa tena, muda mrefu. Msaidizi akauliza kama naumwa. Nikamwambia ni moshi. Akasema jiko hili ni la gesi, bibi. Nikamwambia basi ni gesi.

Kasogeza kigoda changu mpaka mlango wa nyuma, ule unaotazama vyooni, na kaomba ufunguo wa choo cha walimu, kautundika msumarini hapo hapo. Kisha kachukua kijiko, kaanza kuonja mwenyewe na kunitajia: bado kidogo, imekolea, ongeza maji. Nimemkaripia kwa kuhamisha vitu bila ruhusa.

Nimetoka mara tatu. Ufunguo ulikuwa karibu, ndiyo. Lakini hakuniomba ruhusa.

Jumatano, tarehe 22 Mei

Mpango umekamilika. Mwezi Mmoja ana siku yake ya kliniki Alhamisi ijayo, kwa daktari yule yule. Ataomba unga. Vifuko sitini: thelathini vyake, thelathini vyangu. Yeye hajui kuandika, kwa hiyo daftari nitamjazia mimi, na nitamjazia tumbo langu, la kweli, lisilo na boga hata moja. Nilipomweleza alikubali kabla sijamaliza. Sharti lake moja: nisiandike kwamba anaona haya.

Nimeanza baada ya kazi. Siku ya kwanza: mayai ya kukaanga. Maumivu: makubwa, chini ya mbavu, yanapanda begani. Choo: mara tano. Nikaisoma. Imekaa vizuri. Hata mimi nilijihurumia.

Kisha, akilini, nikamwona daktari anavua miwani. Nikamwona anamshika mkono yule mwanamke, anamwambia pole, pole sana mama, umevumilia mengi. Nani kavumilia? Wiki tisa nimekaa wima juu ya ubavu huu bila kuambiwa pole na mtu, leo mwingine aketi kwenye kiti azipokee pole zangu, kisha arudi kunisimulia!

Nimefuta. Maumivu: kidogo.

Kidogo nayo nikaiona imezidi. Maumivu: hakuna. Choo: mara moja, saa mbili kamili.

Akitaka pole, augue ya kwake.