Feni Inayokula Besi

Hosiana alikuwa akisubiri chipsi kwenye kibanda kimoja Geita mjini aliposikia mwanamume akilalamikia spika zake. Wengine walimwona Masudi, mnunuzi wa dhahabu mwenye tumbo na pete mbili. Hosiana aliona feni na friji za kuuza, na mwenye nyumba asiye na swali hata moja kichwani.

Masudi alinunua spika ndefu kuliko mlango wa choo, na bado waimbaji wakawa wanatetemeka sauti kama wenye homa. Jumapili Marcel, mpinzani wake katika kununua dhahabu, alikuwa anakuja kuzisikiliza. Masudi angevumilia kufilisika. Kuchekwa na Marcel, hapana.

"Shikamoo, bosi," Hosiana akasema. "Spika zako nzima. Ila zinaliwa."

"Marahaba. Zinaliwa na nini?"

"Na upepo. Feni inakula besi."

Kesho yake Hosiana akamkalisha Masudi sebuleni kwake. Feni zikawashwa: sauti ya mwimbaji ikakatika vipande. Zikazimwa: ikanyooka. Friji ikachomolewa, na mngurumo uliokuwa umelala chini ya kila wimbo ukaondoka. Yote hayo ni kweli tupu. Hosiana hakuwahi kuhitaji uongo mwingi kumwibia mtu. Uongo mtupu ni wa wavivu. Mwenye masikio na kidole cha kubonyezea swichi angejitibu mwenyewe, lakini Masudi alikuwa na pesa, na watu wa aina yake hawaamini dawa ya bure.

Nyuma ya ukuta karasha lake mwenyewe lilikuwa likisaga mawe ya dhahabu mpaka madirisha yanalia. Hosiana akashauri lizimwe. Masudi akamtazama kama aliyetukaniwa mama. Basi, akasema Hosiana, madirisha yazibwe kwa magodoro, na kila kinachopuliza au kunguruma kiende Mwanza kikasawazishwe pumzi.

Masudi hakujua kusawazishwa pumzi ni nini, kwa hiyo alikubali papo hapo. Alibeba friji mwenyewe hadi kwenye guta la mizigo, akimwonya Hosiana wasije wakaikwaruza njiani.

Jumapili Marcel alifika na watu wake, milango ikafungwa. Muziki ulitoka safi ajabu. Mwimbaji alipovuta pumzi ulimsikia. Wageni humo ndani ndio hawakuwa na ya kuvuta. Soda zilikuwa za moto. Wimbo wa tatu Marcel akavua shati. Wa nne akatoka na fulana iliyolowa, akicheka mpaka akashika ukuta, na mtaa mzima ukaja kuona ni nani anayepika wageni.

Masudi akapiga simu. Hosiana alikuwa Ushirombo, upande mwingine kabisa na Mwanza, akibishania bei ya feni ya mwisho.

"Umeniaibisha mbele ya Marcel."

"Muziki ulisikika, haukusikika?"

"Ulisikika."

"Marcel aliikosoa sauti?"

"Hapana. Lakini hiyo Mwanza uliyopeleka friji yangu, ni kwa fundi gani?"

"Fundi hewa, bosi."

Masudi akashusha sauti. Alisema vitu amevisamehe, yeye si maskini. Alichotaka ni neno moja tu la radhi, awape watu wanaomcheka pale nje.

"Niombe radhi, binti. Mimi ni mtu mzima."

"Siombi," Hosiana akasema. "Wala kesho siombi."