Jinsi Nilivyotuliza Akili kwa Ajili ya Kemia

Jumatatu, tarehe 9 Machi

Mwalimu wa Kemia ametangaza mtihani wa Ijumaa. Atakayeshindwa atahamishwa kutoka darasa la sayansi, na akishatoka harudi. Aliyasema haya akinitazama mimi. Labda alikuwa akitazama dirisha lililo nyuma yangu. La, alinitazama mimi.

Nataka kuwa mfamasia. Nimemwambia Mama peke yake. Aliposikia aliacha kukanyaga cherehani kidogo, akasema yeye darasa la sayansi alilionea dirishani tu. Kisha akaendelea kushona. Sihamishwi!

Nimejichunguza kwa makini. Akili ninayo. Ninachokosa ni utulivu. Nikifungua kitabu, nasikia kiu. Nikinywa maji, nakumbuka kukata kucha. Nimemuuliza jirani yangu wa dawati yeye hufanyaje. Huyu tunamwita Kamusi, kwa kuwa anajua kila kitu na hawezi kukificha. Akasema anakaa, anafungua kitabu, anasoma. Jibu la mtu mchoyo. Ana siri yake huyu.

Jioni nimetafakari kuhusu utulivu. Kitabu sikukifungua, nisije nikaanza vibaya.

Jumanne, tarehe 10 Machi

Nimepata mahali! Sebule yetu ndiyo karakana ya Mama: cherehani, meza ya kukatia, pasi, na Bibi. Lakini pembeni kuna pazia, na nyuma yake wateja hujaribia nguo. Pana kimya, kioo na nafasi ya stuli moja. Nikaingia na kitabu.

Kioo kilikuwa kosa. Nilijikuta najitazama nikisoma. Nina uso wa msomi, hasa nikiinua nyusi moja. Bado nilikuwa naufanyia mazoezi uso huo mke wa mwenye bucha alipoingia kinyumenyume, akiongea na Mama. Akafunga pazia, akavua blauzi. Hakuwa ameniona.

Nimelelewa kusalimia wakubwa. Nikasema shikamoo.

Ukelele wake! Alitoka na pazia lenyewe. Mama aliniuliza kama nimeamua kumfukuzia wateja nimwambie mapema, atafute kazi nyingine. Bibi alicheka mpaka akapaliwa, na aliyetumwa maji ni mimi. Utulivu ukaharibika moja kwa moja.

Jumatano, tarehe 11 Machi

Pamba masikioni. Mama ana mfuko mzima wa pamba ya kujazia mito, nami sikujipunja. Dunia ikanyamaza kabisa! Nilifurahi mno hata nikatumia alasiri nzima kuusikiliza ule ukimya.

Kumbe Mama, aliyekuwa amezuiwa mlangoni na mteja, alikuwa akiniita niinue pasi. Bibi anasema aliniita kwa jina la nyumbani, kisha la shuleni, kisha kwa majina ambayo Bibi hakuwahi kuyasikia. Mimi niliona midomo inacheza. Nikamtabasamia kumpa moyo.

Halafu ikaja harufu. Gauni la mke wa mwenye bucha sasa lina alama ya pasi mgongoni, kamili, hadi ile ncha yake.

Mama hakufoka. Afadhali angefoka. Alilikunja gauni polepole, akasema kesho atakwenda kutafuta kitambaa kingine kama kile, na mimi nikitoka shule nikae, nisome, nisiinuke, nisiguse kitu. Nikalia kidogo. Halafu lile neno nisiinuke likanikaa kichwani.

Alhamisi, tarehe 12 Machi

Nisiinuke! Mbona sikuliwaza mapema? Adui yangu si kelele. Adui yangu ni miguu!

Nimerudi, Mama keshatoka. Nikachagua kiti chenye mto uliogongewa misumari. Nikatunga uzi, nikapiga bandi, ile mishono mirefu ambayo mafundi hushikizia nguo kabla ya kuishona kweli. Nikashikiza sketi yangu ya shule na mto wa kiti, kuzunguka pande zote, kwa nyuzi mbili. Fundo imara mwishoni. Sasa kiu na ije!

Hapo ndipo nikaona kitabu kiko juu ya kabati.

Bibi alikuwa amelala. Mkasi ulikuwa mezani, mbali. Nilikaa hivyo, nimetulia kuliko siku zote za maisha yangu, bila cha kusoma.

Akaja Kamusi. Nilimwomba anipe kitabu. Akauliza kwa nini nisiinuke mwenyewe. Nikamjibu kwamba nimeamua. Akainama, akachungulia, akasema, “Mwenzangu, umejishona?” Alicheka kwa dhihaka isiyo na adabu. Alitaka kunifumua, nikakataa katakata. Basi akakaa sakafuni, akaanza kuniuliza maswali ya milinganyo. Nikakosea, akanisahihisha. Nikabisha, akanionyesha. Akaniuliza tena. Usumbufu huo uliendelea alasiri yote, na mimi sina pa kukimbilia.

Mama aliporudi niliinuka kumpokea mzigo. Kiti kikainuka nami. Alizunguka nyuma yangu, akaikagua mishono. Kisha akaniuliza kwa upole bandi nimejifunza kwa nani, maana imenyooka.

Ijumaa, tarehe 13 Machi

Mtihani umekwisha. Karibu maswali yote yalifanana na yale ya Kamusi. Ajabu ya bahati! Kila nilipoandika jibu nilisikia sauti yake ikinikosoa. Ilinisumbua sana, ila nilivumilia.

Jumanne, tarehe 17 Machi

Nimefaulu! Nabaki darasa la sayansi. Mama aliisoma karatasi akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa, akairudisha. Akakanyaga cherehani. Mshono ukaenda kombo, naye Mama huwa hakosei.

Nimepima jambo hili bila upendeleo. Kilichonifaulisha ni uzi. Na fikiria ningepata ngapi kama Kamusi asingekuja kunikatiza alasiri yote!

Wiki ijayo ni Hisabati. Leo Kamusi amekuja tena na vitabu vyake, eti tusome kama siku ile. Ana moyo mzuri, sikatai, lakini mimi ni mtu wa utulivu. Nikamnong'oneza Bibi akamwambie sipo. Bibi akajikongoja hadi mlangoni, nikamsikia akisema kwa sauti yake yote, “Mjukuu wangu, mwenzio amesema hayupo.” Kamusi akajibu haya, basi anisalimie. Akaenda zake.

Sasa kimya kimetanda. Vitabu viko mapajani, safari hii sikuvisahau. Bandi ina udhaifu wake, inaweza kufumuka ukiinuka kwa nguvu, kwa hiyo nitajishona kwa cherehani. Nikishamaliza tu, naanza kusoma. Kilichobaki ni kujua namna ya kupitisha kiti chini ya sindano.