Bipu Tatu za Mafuriko

Jumatatu, 2 Mei 2005

Mwalimu Constantine ameipa Klabu ya Maafa kazi: tubuni njia ya kuwaonya watu wa bondeni mto ukijaa. Mto wetu ni mchanga mtupu, lakini mvua ikinyesha huko juu maji huja bila hodi. Atakayebuni njia bora atakuwa mwenyekiti. Nautaka uenyekiti. Hotuba sizitaki. Jenipha amependekeza tupige mwano, ule ukelele wetu wa hatari. Mwano! Mwaka huu wa 2005! Nilicheka, kwa ndani.

Jumatano, 4 Mei

Nimepata. Kubipu! Kila mwenye simu anabipu: unapiga, ikilia unakata. Bipu moja: mvua kubwa huko juu. Mbili: mto umeanza kujaa. Tatu: ondoeni vitu, pandeni kilimani. Vocha haiishi, asiyejua kusoma anaelewa, na mimi sitalazimika kuongea na mtu yeyote. Mwalimu amesema hilo ndilo wazo la kisasa. Tutatumia simu yake, inayoning'inia kwenye dirisha la ofisi kwa sababu mtandao unapatikana hapo tu. Jenipha akauliza, je, wakipokea? Wivu.

Jumamosi, 7 Mei

Nimetoka bwenini kwenda bondeni kumfundisha shangazi Nyanjige, atakayewapasha majirani. Simu anayo. Alipewa na mnunuzi mmoja wa pamba ili msimu ukifunguliwa asiiuzie kampuni nyingine. (Ameshawaahidi wanunuzi watatu.) Nimemkuta amevuna mpunga na kuuanika kando ya mto. Ndicho chakula chake cha mwaka mzima.

Somo limechukua saa tatu. Nilimwambia simu ikilia asiguse kitu, ahesabu tu. Akauliza ni adabu gani hiyo, mtoto anakupigia na wewe unaikodolea macho simu kama mchawi. Nikaeleza upya. Akasema ameelewa. Kisha akauliza kitufe cha kupokea ni kipi, kwa kujua tu. Nikamwonyesha cha kijani. Alifurahi mno. Alikuwa bado anakibonyeza nilipoondoka.

Jumanne, 10 Mei

Jaribio mbele ya klabu. Nilibipu mara tatu. Shangazi alipokea mara tatu. Mwalimu, mwenye salio, alikata simu kila mara huku akifuta jasho. Jenipha akatangaza kwamba shangazi yangu yuko tayari kabisa kwa maafa ya maongezi. Wakacheka mpaka wa darasa la pili wakaja kuchungulia.

Nimemwandikia shangazi maelekezo, kurasa mbili, yenye michoro. Shangazi hasomi, ndiyo maana ya michoro.

Alhamisi, 12 Mei

 

Saa nane mchana nilikuwa ofisini napanga madaftari. Dirishani nikaona maji ya kahawia yanashuka na magogo. Mwalimu hayupo. Nikashika simu. Bipu ya kwanza: shangazi akapokea. "Mwadila, Benadetha!" Mtu akikusalimu unaitikia. Nikaitikia. Akauliza masomo yanaendaje. Akauliza mwalimu hajambo. Akauliza matroni, kisha mguu wa matroni. Mkubwa hakatizwi kauli. Nilisubiri amalize. Mwishowe akauliza, na huko kwenu mhola? Nikajibu kama nilivyolelewa: mhola duhu. Yaani salama tupu.

Salio likaisha.

Salama tupu! Maji yalikuwa yamefika uwanja wa mpira!

Nilitoka nje nikakuta Jenipha ameshateremka mbio, anapiga mwano hadi mbwa wa kijiji kizima wanamwitikia. Watu wa bondeni wakatoka na magunia. Nimeambiwa shangazi aliwazuia kwanza. Aliwaambia waache kelele, ameongea sasa hivi na mtoto wake anayesoma, tena kwa simu, na huko juu ni salama tupu. Kubishana naye kulichukua muda.

Hakuna aliyeumia. Nusu ya mpunga imepona. Nusu imekwenda na maji.

Jumamosi, 14 Mei

Nimekwenda kwa shangazi. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Mpunga uliookolewa umelowa, ameusambaza juu ya turubai na anaugeuza kwa mkono, taratibu, kama anayetafuta kitu. Amesema kuanzia sasa ni mlo mmoja kwa siku, lakini nisiwe na wasiwasi, mimi nakula bwenini. Nikala wali kidogo. Unanuka tope.

Kisha akauliza, kwa upole kabisa, kwa nini sikumwambia. Simu nilikuwa nayo sikioni, mdomo ninao. Nikamsaidia kugeuza mpunga mpaka mgongo ukauma.

Jenipha ndiye mwenyekiti. Mwalimu alimpigia makofi mbele ya gwaride. Nami nilipiga.

Jumapili, 15 Mei

Nimefikiria misa nzima na sasa kosa nimeliona. Ajabu sikuliona mapema. Mpango wangu haukuwa na salamu! Shangazi anapokea kwa sababu hajasalimiwa. Basi: bipu ya kwanza, mwadila. Ya pili, kuitikia. Ya tatu, wazima hapo nyumbani? Ya nne, ng'ombe. Ya tano, majirani. Hapo hatakuwa na sababu ya kugusa kile kitufe.

Nimehesabu mara mbili. Mafuriko yanaangukia bipu ya kumi na moja. Kesho naanza michoro.